Miaka tisa nafundisha kwa Kiingereza, Reading ya IELTS ikanipa 5.5

Mi ni mwalimu wa Jiografia sekondari, nafanya kazi Mbeya mjini, naishi Uyole, kwetu kabisa ni Rungwe kule juu kwenye migomba na chai. Miaka tisa nasimama mbele ya watoto naongea Kiingereza, naandika ubaoni Kiingereza, nasahihisha Kiingereza. Kwa hiyo chuo kimoja cha Uingereza kiliponijibu kwamba kinanichukua masters ila nilete cheti cha IELTS Academic, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza wenye vipengele vinne, Listening (kusikiliza), Reading (kusoma), Writing (kuandika) na Speaking (kuongea), alama ya juu ni 9, na wao wanataka jumla 6.5 na kipengele chochote kisishuke chini ya 6.0, nilicheka kabisa. Nikamwambia baba watoto hapa shida ni hela tu, mtihani wenyewe si mtihani.

Hela nayo tuiseme wazi maana watu huwa hawasemi. Ada ya mtihani ilikula karibu mshahara mzima unaobaki nikishakatwa bodi ya mikopo na makato mengine. Weka juu nauli ya basi kwenda na kurudi Dar, zaidi ya kilomita 800 kila upande, lodji siku mbili, chakula, bajaji za kupotea njia, ikafika laki mbili na nusu nyingine. Tulikuwa tunadunduliza hela ya mabati, mabati yakasubiri. Nakwambia haya ujue kwamba nilipofeli sikufeli kiutani.

Sikujiandaa. Yaani wiki nzima kabla nilikuwa nafanya mazoezi ya Speaking mbele ya kioo, maana nilidhani matamshi yangu ya kinyakyusa ndo yataniangusha. Reading sikuigusa hata siku moja. Mtu anayesoma Daily News na The Citizen karibu kila siku ofisini unamwambia nini kuhusu kusoma?

Siku yenyewe tulifanya kwa karatasi. Reading ni dakika 60, makala tatu, maswali 40, na makala zote tatu zikijumlishwa zinaenda kwenye maneno elfu mbili na mia kadhaa. Ya kwanza nikaisoma kama ninavyosoma gazeti Jumapili mchana, neno kwa neno, naifurahia kabisa, nakuja kuangalia saa ya ukutani dakika 28 zimekwenda. Ya pili nikakimbia. Ya tatu, ambayo ndo huwa ngumu kuliko zote, nikaisoma mapigo ya moyo yanasikika masikioni. Halafu kosa kubwa la siku, na hili naomba ulishike, majibu nilikuwa naandika kwenye kijitabu cha maswali nikijua mwisho tutapewa dakika kumi za kuhamishia kwenye karatasi ya majibu kama tulivyopewa kwenye Listening. Kwenye Reading hakuna hizo dakika. Msimamizi anasema zimebaki tano, mi ndo nashtuka, nahamisha mkono unatetemeka, kama majibu sita yakabaki kwenye kijitabu na kijitabu hakisahihishwi.

Matokeo: Listening 7, Speaking 7, Writing 6, Reading 5.5. Ukipiga wastani inakuja 6.375, wao wanaizungusha kwenye nusu ya karibu inakuwa 6.5, ile ile waliyoitaka. Lakini ile 5.5 imekaa pale kama kokoto kwenye wali, na chuo kikasema samahani, leta mwingine.

Nililia, sikatai. Kilichoniuma zaidi ni aibu, kwamba nitarudi staff room niseme nini, mwalimu wa watu amefeli kusoma. Wiki mbili nikajifariji kwamba ni yale majibu sita tu, ningeyahamisha ningepita. Nikawa nimeshaanza kutafuta hela ya kurudia hivyo hivyo bila kubadilisha kitu, na ningerudia ningepata ileile.

Aliyeniokoa ni madam wa Kiingereza pale shuleni, mama mmoja mtaratibu, anakaribia kustaafu, hajawahi kufanya IELTS maishani mwake. Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, ngoja nikutegee." Kesho yake akaniletea makala ya Kiingereza aliyoprinti steshenari, kurasa mbili, habari za kipunji. Kama wewe si wa huku, kipunji ni nyani wa Mlima Rungwe, wanasayansi walimkuta pale 2003, mwaka uliofuata akaonekana pia Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science na 2006 wakaona hafanani na wenzake wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Mi mambo hayo nayajua, nayafundisha, na kwetu ni palepale. Nikamwambia madam umenionea huruma.

Maswali aliyaandika mwenyewe kwa mkono, kumi na tatu, ya True, False na Not Given, yaani unapewa sentensi useme kama makala inakubaliana nayo, inaipinga, au haijasema kabisa. Nikapata matano.

Nikabisha jamani. Hasa swali la saba. Sentensi yake ilisema idadi ya kipunji ilikuwa inapungua wakati wanasayansi wanawahesabu. Nikaandika True, maana najua misitu inakatwa, najua watu wanategesha mitego, nimekulia huko. Madam akasema Not Given. Nikamwambia madam hii ni kweli tupu, muulize mtu yeyote wa Rungwe. Akanisukumia karatasi, akasema kwa upole wake ule, "Sijakuuliza kama ni kweli. Nionyeshe mstari." Nikatafuta. Makala ilisema hesabu iliyochapishwa 2008 ilikadiria kipunji 1,117. Basi. Haikusema zamani walikuwa wangapi. Pasipo namba ya zamani huwezi kusema wamepungua, hata kama moyoni unajua.

Swali lingine lilisema wanasayansi ndo watu wa kwanza kumjua mnyama huyu. Hapo nikaandika False, nikapata, lakini madam alivyoniuliza kwa nini nikajibu kwa sababu sisi kwetu tulikuwa tunamjua. Akasema jibu sahihi, sababu mbovu. Makala yenyewe ilieleza kwamba watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia wawindaji wa vijijini wakimsimulia, huo ndo mstari. Siku nyingine sababu mbovu itakupa jibu baya na hutajua lilikotoka.

Sasa hapo ndo nilianza kujielewa. Kiingereza ninacho. Ila mi huwa sisomi kilichoandikwa, nasoma kichwa changu, makala inanikumbusha tu. Na nadhani tumelelewa hivyo. Mitihani yetu ya Jiografia mtoto akimwaga anachokijua na mifano ya kwao tunampa maksi, na tunampenda kabisa. Huu mtihani ukimwaga unachokijua unakosa. Nikamuuliza madam kwa nini aliniletea makala ya kwetu badala ya kitu nisichokijua kabisa, mambo ya barafu za Antaktika huko. Akasema ya Antaktika ungesoma kwa makini. Ya kwenu ndo utasinzia.

Tukapatana. Mara tatu kwa wiki baada ya vipindi tunakaa dakika 40. Ananiletea makala ya habari yenye maneno 700 mpaka 900, maana ndo urefu wa makala moja ya mtihani, nasoma na kujibu kwa dakika 20, simu inahesabu muda, halafu dakika 20 tunabishana. Sheria ilikuwa moja, kila jibu uandike na namba ya aya ulikolitoa, na ukiandika Not Given useme ulitegemea kulikuta wapi ukalikosa. Jibu sahihi lisilo na aya ni sifuri. Ilinikera sana wiki ya kwanza.

Baada ya mwezi tukageuza, mi ndo nikawa natunga maswali na yeye anajibu. Kama una mtu wa kufanya naye, usiruke hii hatua hata kama inakuchosha. Ukikaa kutunga Not Given unagundua wanavyozitengeneza, wanachukua maneno mawili yaliyomo kwenye makala, wanayaunga kwa uhusiano ambao haumo. Makala inasema mvua zimechelewa, makala inasema bei ya viazi imepanda, swali linasema bei imepanda kwa sababu mvua zimechelewa. Mtu wa Mbeya anatikisa kichwa, kweli kabisa. Mwandishi hajasema.

Kuna siku nilijiona nimeshafuzu nikapigwa na parachichi. Ilikuwa habari ya Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda China na zikasainiwa nyaraka za kuruhusu parachichi za Tanzania kuingia soko lile. Kaka yangu analima parachichi, stori za parachichi nazila asubuhi mchana jioni. Swali: Tanzania ilianza kusafirisha parachichi China Novemba 2022. Nikaweka True bila kurudi kwenye makala. Kusaini ni kitu kimoja, kontena kuondoka ni kitu kingine, na makala ilizungumzia kusaini. Madam hata hakusema kitu, alinitazama tu juu ya miwani.

Kuhusu aina ya habari za kutumia, hapa nilipoteza muda nisikufiche. Mwanzo peke yangu nyumbani nilikuwa nachukua habari fupi za siku, ajali, mkutano wa waziri, matokeo ya mpira, najitungia maswali napata yote, najipongeza. Habari fupi ya gazeti inamwaga kila kitu aya ya kwanza, nani kafanya nini wapi lini, huko chini ni maelezo tu ya kujazia, hivyo ukisoma aya mbili umemaliza na unajidanganya umesoma. Makala za mtihani haziko hivyo, hoja inazunguka, katikati inapingwa, mwisho inarudi kivingine. Kwa hiyo tafuta makala ndefu za uchambuzi, habari za sayansi, afya, mazingira, historia, BBC wanazo nyingi, na kurasa za katikati za magazeti yetu ya Kiingereza zinafaa kuliko ukurasa wa mbele. Bando langu lilikuwa linaisha, nikawa nafungua makala kumi usiku wa Jumapili nazihifadhi kwenye simu, wiki nzima nasoma bila intaneti.

Vichwa vya habari nao ni mtego mtamu. Kwenye mtihani kuna yale maswali ya kulinganisha aya na kichwa chake, mi nilikuwa nakosa nusu. Madam akawa anakata kichwa cha habari kwa mkasi kabla hajanipa karatasi, nasoma, natunga kichwa changu kwa kila aya, maneno yasiyozidi sita, halafu anaandika vyake vitano na viwili vya uongo, nachagua. Kosa langu lilikuwa lilelile, nikiona neno kwenye kichwa limo pia kwenye aya nabeba. Kumbe lile neno mara nyingi limewekwa makusudi likae kwenye aya ambayo siyo, na jibu lenyewe limeandikwa kwa maneno mengine kabisa. Halafu vichwa vya magazeti vyenyewe vina sarufi yao, vinatumia wakati uliopo kwa jambo la jana, vinakula maneno madogo, kwa hiyo usivitegemee kukuambia makala inasema nini.

Kingine ni nani anasema. Makala ya habari ina sauti nyingi humo ndani, waziri anadai, mtafiti anashuku, wanakijiji wanalalamika, na mwandishi mwenyewe huenda hajasema lake kabisa. Mtihani una Yes, No, Not Given ambazo zinauliza maoni ya mwandishi, tofauti na True na False zinazouliza taarifa. Nikaanza kusoma na penseli, kila penye msemaji napigia mstari jina lake, na kitenzi chake nakizungushia duara, maana "claimed" na "confirmed" si ndugu.

Maneno yaliyoniumiza hayakuwa yale marefu. Maneno marefu unayaogopa kwa hiyo unapunguza mwendo. Yaliyonimaliza ni madogo ninayojifanya nayajua. "Hardly changed" nilisoma kama imebadilika kwa nguvu, kumbe haijabadilika karibu hata kidogo. "Eventually" maisha yangu yote nilijua ni labda, kumbe ni hatimaye, na nimeshawafundisha watoto hivyo, Mungu anisamehe. "Few" na "a few" nilidhani ni kitu kimoja. "All but finished" nikaelewa yote isipokuwa kumaliza, wakati maana yake ni karibu kuisha. Kuna "sanction" inayoweza kuwa kuruhusu na inayoweza kuwa kuwekea vikwazo, na hapo sentensi ndo inaamua. Nikanunua daftari dogo la mia tano, nikawa naandika sentensi nzima nilimoteleza, neno peke yake siandiki, maana neno peke yake kichwani mwangu linarudi kwenye maana yake ya zamani.

Na namba, mi mwalimu wa Jiografia nasoma grafu usingizini, namba nazo zikanipiga. Kitu kikitoka asilimia 10 kwenda 15 gazeti moja litasema kimepanda kwa pointi tano za asilimia na lingine litasema kimepanda kwa asilimia 50, na wote wawili wako sahihi. Soma linachopima kabla hujaisoma namba.

Muda nao. Dakika 20 kwa makala, hata kama imebaki swali moja tamu unaacha unahama, unaweka chochote maana jibu la kukosea halikatwi maksi. Nikajifunza kusoma maswali kwanza, kisha kupitia makala haraka kujua nini kiko aya ipi, ndo narudi kuchimba. Nafasi za kujaza zikisema maneno yasiyozidi mawili ukiweka matatu umekosa hata kama jibu limo, na spelingi mbovu ni kosa. Karatasini unaandika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu, sitachoka kulisema hili.

Lengo nililijua kwa hesabu. Alama hubadilika kidogo toleo kwa toleo, ila kwa Academic majibu 23 hivi kati ya 40 yanakupa 6, na 30 hivi yanakupa 7. Ukishajua hivyo unaacha kutafuta ukamilifu. Hata ukitaka 7 unaruhusiwa kukosa kumi, na mi nilikuwa naua dakika nane nikitafuta lile moja.

Nilirudia baada ya miezi mitano. Juni, baridi ya Uyole ile ya kuvaa makoti mawili, nikapanda basi alfajiri pale Nane Nane, nashuka Dar nalowa jasho. Safari hii nilichagua kompyuta, na nikushauri tu kama hujazoea kusoma kwenye skrini ufanye mazoezi wiki kadhaa kabla, mi nilikuwa nakaa na kompyuta ya ofisi ya taaluma jioni. Macho yanachoka kivingine, na ile ya kurudi juu kutafuta aya inachanganya mwanzoni. Faida yake jibu unaliandika palepale, hakuna la kuhamisha.

Makala ya pili ilihusu udongo. Udongo! Kitu ninachofundisha kila mwaka kidato cha tatu. Mara ya kwanza ningefurahi. Safari hii nilipoliona tu nikaogopa, nikaanza kupiga kila jibu msasa, mstari uko wapi, mstari uko wapi, na kulikuwa na maswali mawili ambayo kwa elimu yangu yalikuwa kweli kabisa nikayawekea Not Given huku roho inauma.

Reading ikaja 7. Listening 7, Writing 6 ileile, Speaking ikashuka mpaka 6.5, sijui nilikula nini siku ile. Jumla 6.5, na hakuna kilicho chini ya 6.0. Cheti kinahesabika miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno kama barua ya chuo bado. Ukijumlisha zote mbili hela iliyokwenda ingeezeka nyumba na choo, na baba watoto ananikumbusha mvua ikinyesha.

Madam nilimpelekea mchele wa Kyela kilo kumi, akachukua mchele akaniuliza kama zile makala bado ninazo. Ninazo, ziko kwenye boksi la chaki pale staff room, zimechorwachorwa. Mwalimu wa Fizikia naye ameomba chuo, wiki iliyopita nilimpa ile ya kipunji na maswali ya madam yaleyale kumi na tatu. Kapata manne. Akaja mezani kwangu kwa hasira na swali la saba, Mwalimu hii ni kweli, hata TV wamesema. Nikamwambia kaka, nionyeshe mstari. Jana kengele ya mwisho inagongwa alikuwa bado anautafuta.